Mipira Iliyobadilishwa

Pa! Kitu kilipasuka chini ya sakafu, kisha chiriri, kama mtu anayemimina maji kwenye karai. Dereva alikanyaga breki. Pedali ikazama mpaka mwisho kana kwamba amekanyaga uji. Akavuta breki ya mkono kwa nguvu zote. Gari la shule likaburuza tairi, likasimama pua ikigusa ukuta wa shule, chini kabisa ya mteremko. Lilikuwa tupu. Watoto walikuwa bado darasani, wakisubiri kengele ya kurudi nyumbani.

Alishuka, akalala chali uvunguni. Mpira wa breki unaopeleka mafuta kwenye gurudumu la kulia ulikuwa umechanika shingoni, mafuta yanachuruzika. Akaupinda wa kushoto kwa vidole: nyufa zikafunguka kama kisigino kikavu. Na yote miwili ilikuwa inang'aa! Imepakwa dawa ya kung'arishia tairi.

Damu ikamchemka. Jana tu fundi, kaka wa mkewe, alimpigia simu kifua mbele: "Shemeji, mipira nimebadilisha. Tembea!"

Akamwita. Fundi alikuja anacheka.

"Mbona umenuna hivyo? Au dada kakunyima chakula?"

"Utani weka pembeni. Mipira mipya iko wapi?"

"Mipya? Nani kataja mipya? Uliniambia badilisha. Wa kushoto nikaupeleka kulia, wa kulia nikauleta kushoto. Sasa hapo sijabadilisha?"

"Umewahamisha vitanda wagonjwa wawili, halafu unanitangazia wamepona!"

"Punguza sauti, shemeji. Dukani ilikuwa imekwisha. Nikasema itasukuma wiki hii."

"Ungeniambia hivyo, gari lingelala! Na huku kung'arisha je? Ulipaka ili nikichungulia nisione nyufa. Usinigeuzie maneno!"

Fundi akainama kuchungulia uvunguni.

Kengele ikalia. Watoto wakamiminika, na wa kwanza kabisa alikuwa binti wa fundi, begi linamrukaruka mgongoni. Akaufungua mlango, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, nyuma ya dereva.

"Baba! Leo unapanda na sisi?"

Fundi alimtazama mwanawe, akautazama ukuta. Kicheko kilikuwa kimekauka.

"Shuka, mama," dereva akamwambia mtoto taratibu. "Leo mtarudi kwa miguu na mwalimu."

Kisha akamgeukia shemejiye, kidole hewani, bila kujali walimu waliokuwa wamesimama wanasikiliza.

"Nakuahidi mbele ya mwanao. Utaleta mipira mipya na washa zake mpya, vile vipete vya kuzuia mafuta yasivuje, utaifunga nikikuangalia, utatoa upepo wote ulioingia kwenye breki, nami nitakanyaga pedali wewe ukichungulia mpaka mimi niridhike. Halafu, kabla mtoto yeyote hajapanda gari hili, nitaupanda huo mlima na kuushuka, na wewe utakuwa kiti cha mbele!"