Kitufe cha Kumwita Bwana Mifugo

Damari alikijaribu kile kitufe mpaka kikamchosha. Jaribio aliliandika mwenyewe kwa JavaScript, lugha ya kompyuta, chumbani kwake Mandewa mjini: kompyuta inabonyeza kitufe badala ya mtu, kisha inaangalia kama maneno "Tumekusikia, bwana mifugo anakuja" yametokea. Yakatokea. Kijani tupu, yaani jaribio limefaulu. Seva yenyewe, ile kompyuta ya kupokea maombi, ilikuwa ya kuigiza, inaitikia kila kitu kama kijana anayeposa. Calist, mwenzake wa kazi, akamshauri ajaribu pia mtandao ukikatika. Damari akamjibu kwamba wafadhili wanakuja kesho, asimletee uchuro.

Jamani, intaneti ya kijijini Kinyangiri nani asiyeijua? Na yeye kazaliwa huko huko! Lakini wapi, ukishaona kijani unajiona umemaliza.

Wa kwanza kuwekewa ile programu ya kitufe kwenye simu alikuwa baba yake, mzee Obadia, akatamba nayo kijiji kizima. Mvua zilipokaribia, maksai wake wawili, ambao bila wao hakuna kulima, wakashikwa na ugonjwa wa ndigana. Mzee akabonyeza. Intaneti haikuwepo, ombi halikwenda popote, ila maneno yakatokea vilevile. Mama akataka mtu atumwe akamfuate bwana mifugo kwake. Mzee akakataa katakata: mtu akishaitika, kumwita tena ni kumvunjia heshima. Akavaa shati la kanisani, akakaa karibu na zizi kumsubiri mgeni.

Maksai mmoja alikufa asubuhi, wa pili akamfuata jioni.

Mama alipompa habari, Damari alifungua kazi yake, akaliona kosa mara moja. Yale maneno aliyafunga kwenye kubonyeza, hakuyafunga kwenye jibu la seva. Jaribio lake lisingeweza kushindwa hata siku moja. Alijichukia. Alimpigia baba yake akitamani atukanwe, yaishe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hivi kile kitufe ulikijaribu kabla ya kuniletea?"

"Nilikijaribu, baba."

"Kikakubali?"

"Kilikubali."

Nyuma ya mzee ilisikika sauti ya mama akigongelea mpini kwenye jembe la mkono.

"Basi waliokosea ni ng'ombe," mzee akasema, akakata simu.