Siku Kumi na Nne za Luregn

Likilia la mgambo kuna jambo. Kwa wanaume wengi wa bonde lile jambo lenyewe lilikuwa kero tupu. Bahasha ya jeshi ikifika, mtu hukuna kichwa, mke hununa, na bosi kazini huguna. Luregn Cadruvi peke yake ndiye aliyeingojea mwaka mzima, na ilipochelewa aliteremka posta kuiulizia.

Alikuwa na miaka thelathini na tatu. Hakuwa na mke wala ndugu, na mama yake walikuwa wamemzika Novemba iliyopita. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa kule juu, pale barabara inapokata tamaa na kugeuka njia ya mbuzi. Mbuzi wenyewe walikuwa kumi na wanane. Siku moja alishuka dukani kununua chumvi, akafungua kinywa kusalimia, sauti ikatoka imekwaruza hadi muuza duka akamuuliza kama anaumwa. Hakuwa anaumwa. Ni kwamba ilikuwa Ijumaa, na tangu Jumatatu hakuwa amesema neno na binadamu.

Jeshi la nchi ile ni la maseremala, walimu na wakulima. Kila mwaka wanaitwa siku kumi na tisa, na mtu akitimiza siku mia mbili arobaini na tano anaambiwa asante, aende zake. Bunduki inakaa nyumbani. Ya Luregn ilikaa nyuma ya mlango wa chumba cha mama, na kila kiangazi, kabla Agosti haijaisha, ilimbidi aibebe hadi uwanja wa shabaha kijijini akapige risasi zake ishirini za lazima. Manufaa nayo yapo, tusiwe wachoyo wa kusema. Mtu hufidiwa mapato yake, hupanda treni bure, hula akashiba, na mwajiri hathubutu kumfukuza kwa sababu ya jeshi. Luregn hakuyaimba hayo hata siku moja. Yeye manufaa yake yalikuwa mawili tu: Placi na Steila.

Placi alikuwa fundi umeme wa mji wa chini, baba wa mapacha, mwenye mdomo usiojua kufunga. Steila alikuwa farasi jike wa kahawia mwenye nyota nyeupe kwenye paji la uso. Kombania yao ilikuwa ya farasi wa mizigo, wale wanaopanda milima isiyopandwa na gari, na farasi hao ni wa wakulima wanaowakodisha kwa jeshi. Siku ya kwanza hushushwa kwenye malori, daktari wa mifugo huwakagua mmoja mmoja, kisha askari hupokea kamba kwa foleni. Kwa miaka tisa Luregn alifika langoni saa tatu kabla ya wenzake, akakaa juu ya begi lake, ili awe wa kwanza na kamba ya Steila isiende kwa mwingine.

Mwaka huu alijua ni wa mwisho. Alikuwa amepiga hesabu zake jikoni, akarudia mara mbili: zimebaki kumi na tisa kamili. Alipanga kuzila polepole, siku moja moja, kama mtu anayejua chungu hakina tena ukoko. Kabla ya kuondoka alimwendea Mengia, mjane wa nyumba ya chini yake, mama wa miaka sitini na kitu aliyemwita shangazi kwa heshima.

“Siku kumi na tisa, shangazi. Kukamua asubuhi na jioni.”

“Na mimi nafaidika nini?”

“Kuni za msimu mzima. Zimepasuliwa, zimepangwa ukutani.”

“Zipangwe vizuri lakini. Marehemu Giachen alizipanga mwaka wa harusi, zikaniporomokea miguuni. Nikajua nimeolewa na nani.”

Wakacheka, wakapeana mikono, mambo yakaisha.

Jumatatu, Luregn tayari ameshika kamba ya Steila na Steila tayari ameupekua mfuko wa koti lake akitafuta tufaha, karani wa kombania, Sajini Duri, alikuwa akirudisha vijitabu vya utumishi, vyenye hesabu ya siku za kila mtu.

“Cadruvi! Hongera, bwana. Ijumaa unakwenda zako.”

“Ijumaa ipi?”

“Ijumaa hii. Wewe unazijua ngapi?”

“Umekosea, sajini. Nimebakiwa na kumi na tisa.”

“Umebakiwa na tano. Kumi na nne za theluji umezificha wapi?”

Hapo Luregn akakumbuka. Majira ya baridi ya mwaka juzi theluji ilifunga bonde zima siku kumi na nne. Walipigiwa simu, wakakusanyika na farasi, wakapanda nyumba kwa nyumba na mikate, nyasi za ng'ombe na dawa. Yeye mwenyewe alimpeleka Steila kila siku mbili hadi kwa Mengia na dawa za moyo za Giachen. Kamwe hakulifikiria kuwa ni jeshi.

“Sajini, ile ilikuwa kusaidia majirani.”

“Ulivaa sare?”

“Nilivaa. Kulikuwa na baridi.”

“Ulikula chakula chetu?”

“Nilikula.”

“Basi lilikuwa jeshi. Sahihi yako hii hapa. Unasaini vitu bila kusoma, halafu unanilaumu mimi.”

Wenzake wakapiga kelele za wivu. Placi akamkumbatia, akamtikisa.

“Mshenzi ana bahati huyu! Mimi nina miaka mitatu mbele yangu, yeye Ijumaa yuko kitandani kwake! Hebu tubadilishane, mimi ndiye niende nyumbani badala yako. Aa, hapana, nimechanganya: wewe chukua mapacha, mimi nakaa hapahapa.”

Luregn alicheka pamoja nao. Usiku alilala macho wazi katikati ya wanaume ishirini wanaokoroma, akisikiliza kila mkoromo kwa uchungu.

Jumanne alimwendea kapteni. Kapteni Arpagaus, ambaye siku za kawaida ni mwalimu wa hesabu, aliweka kalamu chini.

“Unataka kuongezewa siku?”

“Ndiyo, afande. Kwa hiari yangu.”

“Miaka kumi na mmoja naongoza watu hapa. Wamenijia wenye mgongo, wenye mke anayejifungua, mmoja alinizikia bibi mara tatu. Wa kuongezewa ndiyo kwanza nakuona.” Akatoa fomu. “Haya. Inatakiwa ridhaa ya mwajiri wako kwa maandishi.”

“Mwajiri wangu ni mimi, afande.”

“Basi kaongee naye.”

Luregn akaketi juu ya gunia la shayiri, akaandika kwa herufi kubwa: *Mimi Luregn Cadruvi, mwajiri wa Luregn Cadruvi, sina pingamizi mfanyakazi wangu akabaki jeshini siku kumi na nne zaidi.* Placi alikuwa akichungulia begani kwake.

“Muulize na mshahara, mpumbavu wewe, maadamu bosi yupo!”

Chini kulikuwa na mstari mmoja wa sababu. Alingoja Placi aondoke, akaandika: *Nyumbani hakuna mtu.*

Kapteni aliposoma sehemu ya juu alicheka kwa sauti. Alipofika chini aliacha kucheka. Akaikunja ile karatasi, akasema ataituma makao makuu leo hii, na akaisindikiza kwa simu.

Siku mbili hizo Luregn aliishi kwa matumaini, na matumaini ni ugonjwa. Alimsugua Steila mpaka manyoya yakang'aa. Alipanda naye na mizigo hadi kibanda cha juu, mvua ikiwanyeshea, Placi nyuma yake akiimba vibaya makusudi, na moyoni akasema kwamba hana haja ya kitu kingine duniani. Alhamisi mchana jibu likaja. Watu wanatosha, mizigo si mingi, siku za hiari hutolewa penye uhitaji. Asante kwa moyo wako wa kujitolea.

“Nimejaribu,” kapteni alisema.

“Najua, afande.”

“Uhitaji wanaousema ni wa jeshi. Wa mtu hawana mahali pa kuuandika.”

Kombania ile ina desturi yake. Anayemaliza siku hupewa kiatu cha chuma kilichochakaa cha farasi wake, mhunzi amekisugua na kuchonga jina la mtu, na hukabidhiwa kwenye karamu ya mwisho, Alhamisi ya wiki ya tatu, kila mtu akipiga meza kwa vijiko. Luregn alikuwa amewapigia wenzake meza miaka tisa. Lakini mtu hajawahi kumaliza wiki ya kwanza, na Steila alikuwa ameshuka lorini na viatu vipya, alivyovalishwa kwa mwenyewe. Hakukuwa na kiatu kilichochakaa cha kumpa.

“Nitakuletea mwenyewe,” Placi alisema Ijumaa, wakiwa mazizini. “Kabla ya Krismasi. Naja na mapacha, wawaone mbuzi.”

“Njoo.”

“Naapa nakuja.”

Luregn alijua hatakuja. Si kwamba Placi alikuwa mwongo; alikuwa mtu mwenye watu. Miaka tisa waliahidiana hivyo, na miaka tisa wakaonana langoni tu.

Kamba ya Steila ilikabidhiwa kwa askari mgeni, mpole, aliyeishika kama anayeogopa kuichafua. Luregn akamweleza: sikio la kushoto usimguse, maji baridi sana hanywi, kwenye daraja la mbao mwache anuse kwanza. Kisha akasahau alitaka kusema nini tena. Steila akaupekua mfuko wake. Hakukuwa na tufaha, maana la mwisho alimpa asubuhi, akaona haya kana kwamba amemwibia.

Treni ilijaa. Alisimama na begi mgongoni na bunduki begani, na hakuna aliyemtazama mara mbili, kwa kuwa ndivyo wanavyoonekana wanaume wa huko kila vuli. Alifika juu giza limeshaingia. Mbuzi walikuwa wamekamuliwa, ndoo imeoshwa na kufudikizwa. Aliirudisha bunduki nyuma ya mlango wa mama, akala mkate mkavu amesimama, akalala na soksi.

Alfajiri saa kumi na moja na nusu aliona mwanga zizini. Mengia alikuwa ameketi kwenye kigoda, mgongo mlangoni, anakamua na kusema.

“…na wewe ukinipiga teke leo nitakuuza. Nilimwambia daktari mguu unauma, akasema uzee. Uzee! Sasa wiki nzima hauumi, uzee umekwenda wapi? Hebu nijibu.”

Mbuzi hakujibu. Luregn akakohoa, na Mengia akaruka, kigoda mkononi.

“Nani?”

“Ni mimi, shangazi.”

“Mimi ndiye nani? Luregn yuko jeshini!”

“Wamenirudisha.”

Akamtazama kutoka juu hadi chini. “Umeiba nini?”

“Sijaiba. Siku zimekwisha. Nilihesabu vibaya.” Akamweleza yote, theluji, sahihi, fomu. Mengia alirudi kukamua huku akisikiliza.

“Kwa hiyo zile siku ulizomletea Giachen dawa,” Mengia alisema, “ndizo zilizokula hizi.”

“Ndizo.”

“Ungejua, ungekuja?”

Luregn akafikiri kwa haki. “Ningekuja.”

“Pumbavu,” Mengia alisema kwa upole.

“Kapumzike sasa, shangazi. Kuni zako utazipata zote vilevile. Nipe ndoo.”

Hakumpa. “Tuliagana siku ngapi?”

“Kumi na tisa.”

“Leo ya ngapi?”

“Ya sita.”

“Basi niache nimalize zangu. Mimi sijafukuzwa na mtu.”

“Lakini mimi si nipo?”

“Nakuona upo. Umesimama mlangoni unaingiza baridi.” Kisha sauti ikamshuka. “Sikiliza, Luregn. Tangu Giachen aondoke sijaamka kwa ajili ya yeyote. Naamka tu kwa kuwa usingizi umekwisha. Wiki hii nimeamka kwa kuwa nangojwa, hata kama ni na mbuzi. Usinirudishe nyumbani mapema. Wewe unakujua kulivyo.”

Alikujua. Alikuwa ameiandika hali hiyo kwenye mstari mmoja wa fomu, juu ya gunia la shayiri.

Kigoda cha mama kilikuwa kimening'inia kwenye msumari tangu Novemba. Luregn akakitungua, akakipangusa vumbi kwa mkono, akaketi upande wa pili wa zizi. Wakakamua. Mengia alimtukana mbuzi mwenye pembe moja, Luregn akamtetea, na walipomfikia wa kumi na nane kulikuwa kumekucha.

Mlangoni Mengia akachukua kipande cha chaki, akachora mstari kwenye ubao wa ukuta, karibu na mitano iliyokuwapo.

“Zimebaki kumi na tatu,” alisema.

Luregn akautazama ule ubao. Ulikuwa mrefu, na mistari ilikuwa imejaza pembe ndogo tu.

“Na zikiisha, shangazi?”

Mengia akajipangusa mikono kwenye aproni, akabeba ndoo.

“Wewe hesabu huziwezi,” alimwambia. “Niachie mimi.”

Akatangulia nyumbani kuchemsha maziwa.