Tupa Macho Mbali

Watu wengi huota usiku. Kokushubira, au Koku, ambaye hutunza wazee usiku kucha katika nyumba moja ya wazee huko Japani, hulala mchana, kwa hiyo ndoto yake ilimjia jana mchana, mapazia yakiwa yamefungwa na sare ya kazi bado iko mwilini.

Siku iliyofuata alikuwa na mtihani wa pikipiki. Ulikuwa wa tatu. Mara mbili alianguka mahali palepale, kwenye ubao mwembamba ambao mtahiniwa lazima aupite polepole bila kukanyaga chini. Nyumba ya wazee iko mlimani na basi la kwenda huko lilikuwa limefutwa. Meneja alimwambia, kwa upole kabisa, kwamba mtu asiyeweza kufika kazini hapangiwi zamu. Na asiye na zamu hana kibali cha kuishi.

Basi akaota yuko uwanja wa mtihani. Mtahini, Bwana Okabe, mwanamume mwembamba mwenye glavu nyeupe, ameketi kwenye meza katikati ya barabara. Anaongea Kiswahili cha Bukoba, na Koku haoni ajabu.

"Shikamoo, Bwana Okabe."

"Marahaba. Nani alikufundisha pikipiki?"

"Baba yangu, Mzee Rwechungura wa Kamachumu. Alikuwa bwana shamba, akawa na pikipiki ya kazi."

"Alibadili gia kwa mguu gani?"

"Wa kushoto. Si ndipo gia zilipo?"

"Mguu huo uko wapi sasa?"

"Uko kwake."

Bwana Okabe akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Una uhakika?"

Koku alishtuka, ila kwa kiasi tu, kama mtu anayeulizwa umri wake mbele za watu.

Anapanda pikipiki. Ni kubwa, na inakohoa kistaarabu. Anaweka mguu kwenye gia. Gia inauondoa taratibu.

"Samahani, dada," inasema gia. "Mguu huu siujui. Niliambiwa nitegemee wa Mzee Rwechungura."

"Huyo ni baba yangu."

"Najua. Pole."

"Pole ya nini?"

Gia ikajikunyata kama mtu aliyeropoka msibani.

Bwana Okabe anasimama na kipaza sauti. "Mtahiniwa asikanyage chini!"

Papo hapo wafanyakazi wawili wanaikunja ardhi kama mkeka na kuondoka nayo. Chini hakuna kitu. Hata giza hakuna. Ubao peke yake ndio uliobaki, na pikipiki iko juu yake, inakwenda kwa klachi peke yake. Ubao unapita katikati ya chumba cha Bibi Hamada, yule ajuza ambaye Koku humwogesha kila alfajiri, naye ameketi kitandani anakula wali.

"Koku, ukirudi niletee chumvi," anasema bibi bila kuinua kichwa.

"Sawa, bibi," Koku anajibu, akiyumba.

"Usitazame gurudumu!" sauti ya Bwana Okabe inamfuata. "Tupa macho mbali!"

Hivyo ndivyo alivyoambiwa tangu siku ya kwanza, na hivyo ndivyo alivyofanya. Macho yakatoka. Hayakuuma, yalifyatuka kama vifungo vya shati linalobana, yakapita juu ya bahari na milima, yakadondoka puu kwenye mkeka wa kuanikia buni, uani kwao Kamachumu.

"Nimeyatupa," akaripoti.

"Vizuri. Endelea."

Mama yake alikuwa anageuza kahawa kwa reki. Akainama, akayaokota, akayapuliza, akayafuta kwa ncha ya kanga.

"Baba Koku! Mwanao ameleta macho."

"Yafunike!" baba anafoka kutoka barazani. "Mama Koku, yafunike asione!"

Lakini kope zilikuwa zimebaki Japani. Macho yakaona. Baba amekaa kwenye kiti cha mbao, na suruali yake, mguu wa kushoto, imekunjwa chini ya goti na kubanwa kwa pini. Kiatu kiko kimoja.

Koku alipiga yowe. Mdomo ulikuwa Japani, kwa hiyo yowe lilipigwa huko, na Bwana Okabe ndiye aliyelisikia.

"Kelele hazikatazwi," akasema, akiandika. "Lakini hazisaidii."

Mama akayasogeza macho karibu na uso wake. "Ni sukari, mwanangu. Kidonda kilikataa kupona, wakakata. Baba yako alisema usiambiwe mpaka upate leseni. Alisema utaanguka tena."

"Mwambie asitazame huku!" baba akasema, akijifunika kwa gazeti. "Mwambie atazame mbele!"

"Mbele yake ndiyo hapa, baba Koku. Wewe ulitaka ayatupe wapi?"

Baba akaligeuza gazeti, akajifunika upya.

Na kule kwenye ubao pikipiki inainama. Koku haoni kitu, anaona ua wa kwao tu. Anajua anaanguka. Ndipo anahisi kitu karibu na kifundo cha mguu wake wa kushoto, kizito, chenye joto, ndani ya kiatu kilichokanyagwa kisigino. Kinaigusa gia mara moja, bila papara, kama zamani kwenye mteremko wa shambani.

"Huu sasa naujua," inasema gia, na pikipiki inanyooka, inateleza hadi mwisho wa ubao.

Bwana Okabe anamsubiri hapo. Anamkagua kuanzia kichwani mpaka chini.

"Umevuka," anasema. "Lakini umevuka na miguu mitatu. Sheria inaruhusu miwili. Sema upi unabaki."

Koku akafungua mdomo ajibu, akaamka.

Ilikuwa saa nane mchana. Jicho la kulia lilikuwa likimwasha. Akalisugua. Kwenye ncha ya kidole palibaki kiganda chembamba cha kahawia. Alikitazama kwa karibu, kisha akapiga simu nyumbani, ambako ilikuwa asubuhi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umeshindaje?"

"Mama, baba yuko wapi?"

"Yupo. Yuko shambani huko."

"Mpe simu."

Koku akasikia reki ikiwekwa chini taratibu.

"Koku," mama akasema, sauti imemshuka, "jicho linakuwasha? Nililipuliza, mwanangu, lakini niliona kabisa maganda ya buni hayajaisha."