Kiganja cha Siagi

Nuru iliwaaga watu wa mji mmoja wa kaskazini mwanzoni mwa vuli, kama inavyowaaga kila mwaka. Mji ule umebanwa kati ya milima, bahari ikiwa mlangoni, na jua likishajificha nyuma ya mlima wa kusini halirudi mpaka baridi yenyewe ichoke. Mchana watu hutazama juu wakaona vilele vimepakwa dhahabu, na wao huku chini wamebaki kivulini na taa zao, kahawa yao na subira yao.

Salvör hakuwa na subira, wala hakuitaka. Chumba chake cha kazi kilikuwa na dirisha moja, nalo lilitazama kaskazini, kwa kuwa mchoraji hana haja na jua. Jua hucheza, huhama, hudanganya. Yeye alitaka mwanga uliotulia, mwanga baridi, mwanga usiompendelea mtu, na huo alikuwa nao tele.

Mbele yake palikuwa na jiwe. Jiwe la kuchapia, zito, la kijivu, laini kama shavu la mtoto. Jiwe hupenda mafuta, hilo ndilo la kujua. Ukilichora kwa kalamu ya mafuta, linayanywa. Ukililowesha maji kisha ukalipaka wino, wino hukimbilia penye mafuta na kukataa penginepo pote. Ndiyo maana chumba kile kilikuwa na amri moja tu, na kila aliyeingia aliijua: usiguse jiwe. Ukiligusa hata kwa ncha ya kidole, halitasahau. Jiwe hupenda mafuta, na binadamu hakosi mafuta mkononi.

Alikuwa akichora zimwi. Zimwi-jike la mlimani, lile la ngano za huko, linaloshuka wakati wa Krismasi na gunia mgongoni kukusanya watoto watukutu. Kitabu kilitakiwa kiwe tayari kwa Krismasi ijayo, maana huko usiku wa mkesha kila mtu hupewa kitabu, na asiyepewa hujiona yatima. Akachora. Likatoka zimwi lenye uso wa kiazi. Akachukua mchanga na maji, akasugua duara juu ya duara, mpaka zimwi likawa tope la kijivu likitiririkia kwenye karai. Akachora tena. Likatoka bibi mwenye jino bovu. Mchanga, maji, tope. Akachora tena, likatoka zimwi ambalo hata kuku asingelikimbia. Mchanga, maji, tope.

Wako wasemao kuchora ni raha. Waongo hao. Ni njaa isiyo na adabu. Hukaa nawe mezani, hula chakula chako, kisha huwatazama wapendwa wako kwa jicho la mchinjaji.

Jua lilipoondoka, dada yake Oddný alipatwa na kiharusi. Oddný ndiye aliyemlea. Mama yao alipokufa, Oddný aliacha shule akaingia kiwanda cha samaki, akakata vichwa vya samaki ujana wake wote ili mdogo wake akajifunze kuchora. Alikuwa na uso wa kucheka. Sasa nusu ya uso ule ilianguka: jicho likalegea, shavu likashuka, mdomo ukapinda na kuacha pembe moja wazi, yenye unyevu. Mkono wa upande ule nao ukafa. Oddný akajifungia. Majirani walipobisha, alizungumza nao nyuma ya mlango.

"Nitatoka siku ya jua," alimwambia Salvör. Siku hiyo, jua linapovuka mlima kwa mara ya kwanza, mji mzima humwagika barabarani na kahawa na chapati za maji. "Siku hiyo kila mtu anatazama juu. Hakuna atakayenitazama mimi."

Kila asubuhi Salvör alikwenda kumlisha mtindi.

"Usinitazame hivyo," Oddný akasema siku moja.

"Nakutazama vipi?"

"Kama samaki juu ya meza ya kiwanda. Nimewatazama wengi vile, nalijua jicho hilo."

"Kula, dada. Kazi yako kulalamika tu."

"Nile nini? Kijiko kiko hewani tangu jana!"

Wakacheka wote wawili. Oddný alicheka kwa nusu ya uso, nusu ya pili ikabaki imenuna, na Salvör akaona. Akaona jinsi kicheko na kilio vinavyoweza kupanga nyumba moja bila kugombana. Alimpangusa dada yake kidevu, taratibu, kwa mapenzi ya kweli, na vidole vyake vikawa vinapima: kutoka pembe ya mdomo hadi taya, hivi, kutoka jicho hadi sikio, hivi. Mapenzi yalikuwepo. Usije ukadhani hayakuwepo. Lakini na njaa ilikuwepo, na njaa ndiyo iliyokuwa na mikono.

Alirudi mbio, koti halijafungwa. Akachora kinyume, kushoto kukiwa kulia, kama jiwe linavyotaka ili karatasi itoke sawa. Akachora hata chai ikaganda kikombeni. Aibu ilikuja, akaiambia ingoje nje. Zimwi likafumbua jicho lake moja zima, na lile jingine lililolegea, likamtazama. Lilikuwa hai. Salvör akalia kwa furaha, akajifuta haraka asije akadondoshea jiwe chozi.

Palibaki mahali pamoja tu patupu katika mchoro, pembeni, kwenye dirisha alilolichora la watoto waliolala. Zimwi liliwatazama lakini halikuwafikia. Alijaribu hiki, akakikwangua; akajaribu kile, akakikwangua. Wiki zikapita, na pengo lile likamtafuna.

Siku ya jua ikafika. Ketill, mwokaji mikate, alikuwa barabarani akipiga sufuria: "Tokeni, wavivu! Liko mgongoni mwa mlima, linakuja!" Watoto wakaruka ruka kwenye theluji. Oddný alikuwa amekaanga chapati za maji kwa mkono wake mmoja mzima, kwa siagi tele, na akaja nazo hadi mlangoni kwa mdogo wake, bila hata kujifunika kitambaa.

"Salvör! Njoo twende wote. Nikiwa peke yangu nitageuka nirudi."

Akausukuma mlango kwa bega, akaingia. Jiwe lililochorwa halifunikwi nguo, huchafuka. Kwa hiyo lilikuwa wazi, likiwa limelala chini ya mwanga wa kaskazini.

Ingekuwa karatasi, labda angesita. Lakini uso ulio juu ya jiwe umegeuzwa, na uso uliogeuzwa ndio mtu anaouona kwenye kioo. Oddný akaweka sahani chini polepole.

"Ni mimi huyu."

"Ni zimwi, dada. La kitabu tu."

"Mimi na huyu tunaonana kila asubuhi, Salvör. Juu ya beseni."

Nje Ketill alikuwa akipiga sufuria yake.

"Lifute," Oddný akasema. "Mchanga ule pale, maji yale pale. Umefuta mangapi wewe?"

"Sijawahi kuchora kitu kizuri kuliko hiki."

Neno likatoka hivyo, zima, na halikuweza kurudishwa.

"Watoto wa mji huu watanikimbia."

"Hawatajua ni wewe. Nani amekuona?"

"Leo wataniona. Si ndiyo leo?" Maneno yalikuwa yakimponyoka kwenye ile pembe ya mdomo. "Nilikupangusa makamasi mimi. Nilikata vichwa vya samaki mpaka kucha zikang'oka. Kumbe nilikuwa nakulea uje ukikate na changu?"

Salvör alikuwa ameona kwamba hasira imefanya kile ambacho kicheko hakikuweza: nusu iliyokufa ilikuwa ikitetemeka, kidogo tu, kwenye ukope. Macho yake yakaufuata ukope ule. Oddný akamwona akiufuata.

"Hata sasa," akasema kwa sauti ndogo. "Hata sasa unanichora."

Akaufungua mkono wake mzima, ungali unang'aa siagi, akaubandika juu ya jiwe, palepale penye pengo, na kuukandamiza kwa uzito wake wote. Alijua anachokifanya. Kisha akatoka.

Na jua nalo likaruka mlima. Mji mzima ukapiga kelele, watu wakageuka kukumbatiana kwa furaha, na katika kugeuka kule wakamwona. Sufuria ya Ketill ikanyamaza. Mtoto mmoja akaingia nyuma ya koti la mama yake na kuchungulia kwa jicho moja. Oddný akapita katikati yao, katika nuru ile aliyoingoja majira mazima, akaingia kwake akafunga mlango.

Salvör hakuyaona hayo. Alikuwa amesimama na konzi ya mchanga juu ya jiwe. Bado kulikuwa na muda wa kufuta. Bado kulikuwa na muda wa kukimbia barabarani na kumshika dada yake kiwiko. Akainama ili aone ni kiasi gani kimeharibika, na katika mwanga wa dirisha alama ikang'aa: kiganja kipana, vidole vimetanuka, kimetua barabara juu ya dirisha la watoto.

Zimwi lilikuwa limewafikia.

Akaurudisha mchanga kwenye kopo lake. Akaliosha jiwe kwa dawa, akalilowesha, akapitisha rola ya wino, akabana karatasi, akaivuta. Kiganja kilitoka cheusi na mistari yake yote, na hata kovu la kisu cha kiwandani. Jiwe hupenda mafuta. Salvör akapiga kelele za furaha, na hakuna aliyemsikia, kwa kuwa nje nao walikuwa wameanza tena kulipigia jua kelele. Kisha akaona njaa, ya tumbo sasa. Akala chapati zote za dada yake kwa vidole vyenye wino.

Kitabu kilipotoka kilipendwa mno. Watoto walishindana kuweka viganja vyao juu ya kile kiganja, wakapiga ukelele na kuviondoa upesi. Hodi za Salvör kwa dada yake hazikuitikiwa, na mtindi alikuwa akiuacha mlangoni, akiukuta palepale kesho yake, umekuwa barafu. Naye hakuacha kazi hata siku moja.

Mwaka ukazunguka. Siku ya jua Salvör alishuka barabarani na wenzake, na Ketill akapiga sufuria yake. Nuru ikaruka mlima, ikashuka paa kwa paa, ikagonga dirisha la Oddný. Pazia lilikuwa limefungwa. Nuru ikalifanya jeupe, safi, kama jiwe lililotoka kusuguliwa, na juu ya weupe ule kikapanda kivuli cha kiganja. Kikashika ukingo wa pazia. Hakikulifungua, wala hakikuliachia.

Salvör akasimama. Mlango ulikuwa hatua chache tu, na siku ile, pengine, ungefunguliwa.

Lakini jua la siku ya kwanza halikai. Akavua glavu ya mkono wa kulia, akautia mkono mfukoni, akatoa kalamu.