Pundamilia wa Dirishani

Kila Jumapili akitoka kanisani, Jepkemboi aliketi jikoni na simu mapajani, akingoja Mama Travis apige kutoka Kanada. Ulikuwa mwezi wa nane tangu mjane huyo aende kwa mwanawe, akamwachia nyumba ya Kiamunyi aitunze: vyumba vinne, geti, na kimea kimoja kwenye mkebe dirishani. Kilikuwa cha mumewe, marehemu mzee Ogola, na jina lake hakuna aliyelijua.

"Kinaendeleaje?" Mama aliuliza hata kabla ya salamu. Kisha maongezi yalienda dakika tano, sita. Katika wiki nzima, hizo tu ndizo dakika ambazo mtu alimwita Jepkemboi kwa jina.

Sasa kimea kilikuwa kinakufa, naye kwa Jumapili mbili alikuwa amesema kiko sawa. Kikifa, Mama atapiga kuuliza nini?

Kosa lilikuwa lake. Kwao Sachangwan, jani lolote nene lenye ncha ni tangaratwet, ile alovera ya mwituni inayotiwa kwenye maji ya kuku wakiugua. Tangaratwet huota maweni jua likiiwakia, na haimlalamikii mtu. Alipoona cha dirishani kimedumaa, alikihurumia akakitoa nje juani. Baada ya wiki mbili kilikuwa chekundu kama tofali, majani yamejikunja kama ngumi.

Jumamosi alichuna jani moja la chini, akalifunga kwenye leso, akaenda kwa mzee Kibii, mwenye nasari ya miche kando ya barabara. Simu yake ilikuwa ya vibonyezo; picha ingetoka wapi?

"Lina meno pembeni?" Kibii aliuliza.

Jepkemboi akapitisha kidole. Laini.

"Basi si alovera. Alovera hata ikiwa mtoto inakuuma."

Akamwambia alivunje. Utomvu haukuwa mweupe kama maziwa, wala wa manjano kama wa tangaratwet, maji tu. Kisha mzee akamwonyesha kitu alichokuwa akikipangusa vumbi miezi yote hiyo bila kukitazama: upande wa nyuma wa jani, vinundu vyeupe vimejipanga mistari mistari.

"Hapa tunaiita pundamilia. Haitaki jua kali. Irudishe ndani, maji mara moja kwa wiki tatu. Ukiipenda sana, utaizika."

Kesho yake alikirudisha dirishani akakinywesha, na simu ilipolia aliungama yote. Mama Travis akacheka mpaka akakohoa.

"Kumbe ni kitu ya maji mara moja kwa wiki tatu, na mimi nakusumbua kila Jumapili! Basi nitakuwa napiga siku ya maji."

Jepkemboi alitaka kusema hasumbuliwi.

"Sawa, Mum."

Jumapili iliyofuata simu ilikaa mapajani mpaka chai ikapoa. Ya pili, aliona kijani kimerudi katikati, na shinani vitoto viwili vimechungulia, vidogo kama punje za mahindi. Akageuka kumwambia mtu. Hakukuwa na mtu.

Ya tatu, siku ya maji, kabla hajavua nguo za kanisani, alijaza kikombe maji akakiweka kando ya mkebe. Hakumimina. Aliketi, kikombe huku, simu kule, akaingoja ilie ndipo anyweshe.