Pangaboi Linaloshika Zamu

Jumatatu moja ya Oktoba, joto la Tabora likiwa limekaza kabla ya mvua, fundi Festo wa Ipuli alifika Gongoni na ngazi begani kufunga pangaboi nyumbani kwa Nasri, muuza asali. Nyumba ilikuwa ya zamani, umeme uliingizwa baadaye na nyaya zikapitishwa juu ya dari. Kwenye simu Nasri alisema tu lifungwe chumbani kwa mke wake. Wake alikuwa nao wawili, vyumba vyao vimepakana. Festo hakuuliza. Kitu kipya huanzia kwa bi mkubwa, hilo hata Mkatoliki kama yeye alilijua, akaenda moja kwa moja kwa Mwanajuma.

Mwanajuma aliitikia shikamoo yake, akasogeza kitanda mwenyewe, akamchemshia chai ya tangawizi. Miezi saba Nasri alikuwa hashiki zamu. Siku mbili kwa huyu, mbili kwa yule, ndivyo walivyokubaliana alipomwoa Najiat. Lakini zamu ya Mwanajuma ikifika, mara mgongo, mara kuna mzigo wa kupokea Kaliua. Sasa pangaboi! Mtu hanunui pangaboi la chumba asichotaka kulala. Mwanajuma alifurahi mpaka akajionea aibu.

Festo alikwisha kutoboa dari tundu la ukubwa wa kikombe na kuvuta waya kutoka kwenye swichi ya taa, ndipo Nasri akarudi kutoka dukani. Alisimama mlangoni akalitazama lile tundu.

“Siyo hapa, fundi. Kwa Najiat.”

Mwanajuma akarudisha kitanda mahali pake. Wivu ulimshika. Alimchukia Najiat, ambaye hakuwa amesema neno, akalichukia hata boksi la pangaboi. Festo aliupitisha waya uleule juu ya dari, akauvusha ukuta, akafunga pangaboi kwa Najiat na kupima kwa tesita. Kila kitu kilikuwa sawa. Tundu alisahau kuliziba.

Siku mbili za kwanza zilikuwa za Najiat, na upepo ulivuma vizuri. Siku ya tatu, adhana ya magharibi ilipoisha, mapanga yaliendelea kuzunguka kwa Najiat lakini pazia lake halikutikisika. Upepo ulikuwa unashukia kwenye tundu la Mwanajuma. Ulipeperusha kanga zake kwenye kamba, ukafunua kalenda ya ukutani mpaka Desemba. Baada ya siku mbili ulirudi kwa Najiat, saa ileile.

Majirani walipopata habari walisema pangaboi hilo lina dini kuliko mwenyewe, wakaendelea na shughuli zao. Najiat naye akaingiwa na wivu, akanuna, akataka kujua mwenzake ametumia dawa gani. Festo akaitwa. Alipanda darini, akashuka na vumbi kichwani, akasema waya hauna kosa, ila upepo unakwenda zamu.

“Mzee Nasri, we ufuate tu.”

Mwanajuma alikuwa ukumbini anachambua mchele. Hakuinua uso.

“Mlango wangu sijawahi kuufunga,” alisema.

Nasri hakufuata. Alinunua pangaboi la pili, likafungwa kwa Najiat pembeni ya la kwanza, nalo likashika zamu ileile. Akaziba tundu kwa saruji, upepo ukapitia kwenye tundu la ufunguo la mlango wa Mwanajuma. Akaliacha.

Siku hizi zamu ya Mwanajuma ikifika, upepo wa mapangaboi yote mawili ni wake peke yake. Chumba kinapoa mpaka amelitoa sandukuni blanketi la harusi yake. Hujilaza upande wa ukutani, upande wa mlangoni akiuacha wazi kama alivyozoea. Ng’ambo ya ukuta humsikia Nasri akimuuliza Najiat kama joto limezidi, kisha akimpepea kwa kipande cha lile boksi, taratibu, mkono ukichoka anahamishia mwingine.