Kifungo cha Koti

Palikuwa na daktari mmoja wa watoto, wakimwita Domo, ambaye wivu ulimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Sababu ni shemeji yake, mdogo wa mkewe, naye daktari, aliyekuja kujifunza pamoja naye kutia mpira wenye kamera matumboni mwa watoto. Mazoezi kwa mwanasesere walikuwa wameyamaliza. Siku hiyo alikuwepo mtoto wa kweli, amelazwa kwa dawa ya usingizi, kameza kifungo cha koti. Mwalimu wao, mama mmoja mnene, akampa shemeji mpira.

"Mama, si mimi ndiye mkubwa?" Domo akalalamika.

"Mkubwa wa viatu! Shika kichwa cha mtoto. Na sheria yangu mnaijua: kifungo kikimponyoka mmoja, anaingia mwenzake."

Domo akashika kichwa, macho kwenye skrini, akiomba kimoyomoyo: ponyoka, baba, ponyoka. Shemeji akakinasa kifungo, akakivuta taratibu, na kabla hakijafika kooni kikarudi zake tumboni.

Moyo wa Domo ukacheza ngoma. Akapokea mpira, akateremka nao, akakinasa kifungo kwa kikapu kidogo cha waya kilicho nchani mwa mpira, akakitoa salama salimini. Hapo akageuka mbio, amwone shemeji alivyonuna.

Shemeji alikuwa akirukaruka. "Hongera, shemeji yangu! Dada nampigia mimi mwenyewe! Hebu nifundishe ulivyokikamata."

Domo akacheka meno tu. Kushinda ameshinda, lakini ushindi una utamu gani kama mtu hakuonei wivu hata kidogo?